Wimbo wa Mgeni



Katika sharika zetu liko swali lisilokoma kuulizwa, hasa sikukuu kubwa zinapokaribia. Kwaya ikileta wimbo mpya, au mwalimu akileta desturi aliyoiona mahali pengine, wazee huuliza: "Je, jambo hili ni letu?" Na vijana hujibu kwa swali la namna ile ile: "Na zile nyimbo mzipendazo ninyi wazee, ambazo sauti zake zilitoka Ujerumani, hizo ni zetu kwa namna gani?" Ndipo maneno huwa mengi, na sikukuu iliyowekwa ili kuwakusanya watu huwagawanya.

Swali hili si la kuchekwa. Mithali husema, mwacha mila ni mtumwa. Na mithali nyingine husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Zote mbili ni kweli, wala hatuna ruhusa kuitupa moja ili tuishike nyingine. Basi tumeona vema tusijitazame sisi wenyewe tu, maana hakuna mtu auonaye uso wake pasipo kioo. Tutatwaa kioo katika nchi ya mbali, nchi ya Uswidi, ambayo ndugu zetu wa Bukoba na wengine waijua kwa ajili ya wamisionari waliotoka huko. Tutauliza: sikukuu za Waswidi ni za nani? Na ni nani aliyewapa wimbo wanaoufungulia mwaka wao wa Kanisa?

Msomaji asiyepata kukaa kaskazini hawezi kufahamu Majilio ni nini kwa watu wale, mpaka afahamu kwanza giza lao. Kwetu mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Lakini Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, katikati ya mwezi wa Desemba jua huchomoza saa tatu kasoro asubuhi, na kuchwa kabla ya saa tisa. Mchana wote ni kama saa 6 tu. Na upande wa kaskazini kabisa, kama vile Kiruna, ziko siku nyingi ambazo jua halichomozi hata kidogo. Mtu hutoka nyumbani gizani, na hurudi nyumbani gizani. Hapo mshumaa si pambo, ni faraja.

Basi Jumapili ya kwanza ya Majilio Waswidi huwasha mshumaa wa kwanza katika kinara cha mishumaa 4. Hutundika dirishani nyota ya karatasi yenye taa ndani yake, hata apitaye njiani huona nyumba baada ya nyumba ina nyota. Na makanisa, ambayo Jumapili nyingine huwa na nafasi nyingi, siku hiyo hupata watu wengi. Husomwa Mathayo mlango wa 21, jinsi Bwana alivyoingia Yerusalemu amepanda punda. Kisha huimbwa wimbo uliojengwa juu ya ule ukelele wa makutano, yaani Hosana kwa Mwana wa Daudi. Mara nyingi watoto huimba upande mmoja, na kwaya au usharika huwaitikia. Katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Uswidi cha mwaka 1986 ni wimbo wa 105. Wako Waswidi wengi ambao kwao Majilio hayajaanza mpaka wameusikia.

Uliza sasa ni nani aliyeutunga. Si Mswidi. Wala si Mlutheri.

Jina lake ni Georg Joseph Vogler. Alizaliwa Würzburg katika Ujerumani mwaka 1749, akapata upadre katika Kanisa la Roma, na watu walizoea kumwita Abbé Vogler, maana Abbé ni jina la heshima la mapadre. Alikuwa mpiga kinanda hodari, mwalimu, tena mwenye akili ya kubuni mambo mapya. Mwaka 1786 mfalme wa Uswidi, Gustav wa 3, aliyependa mno muziki na michezo ya kuigiza, alimwita Stockholm awe mkuu wa muziki katika jumba lake. Huko Vogler alifundisha, alitunga michezo ya kuimbwa, na kila alipopata ruhusa alisafiri nchi nyingi ili kupiga kinanda na kusikiliza muziki wa mataifa, akafika hata Afrika ya Kaskazini. Mwezi wa Machi 1792 mfalme yule alipigwa risasi katika karamu ya vinyago, akafa. Lakini Vogler aliendelea na kazi yake, hata akaondoka Uswidi mwaka 1799. Wimbo wa Hosana ni wa yapata mwaka 1795. Mwenyewe alikufa Darmstadt, katika Ujerumani, mwaka 1814.

Tufikiri sasa hali ya nchi aliyoingia. Uswidi ilikuwa ya Kilutheri kwa sheria, wala si kwa mazoea tu. Ilikuwa mwaka 1781 mfalme Gustav alipotoa ruhusa kwa Wakristo wa kigeni walio wa imani nyingine kuabudu kwa desturi zao. Na ruhusa ile ilikuwa kwa wageni. Mswidi mwenyewe aliyeliacha Kanisa la Kilutheri aliweza kufukuzwa katika nchi yake na kunyimwa urithi, na sheria hiyo ilidumu hata mwaka 1860. Mwaka 1858, miaka 2 tu kabla ya kufutwa kwake, wanawake 6 walihamishwa nchini kwa sababu walijiunga na Kanisa la Roma.

Tazama basi jambo hili la ajabu. Katika nchi ambayo mtu aliyekwenda Kanisa la padre aliweza kupoteza nyumba yake na shamba la baba yake, wimbo wa padre uliingia kanisani kwa mlango mkubwa, ukakaa mbele. Watu waliufunga mlango kwa komeo la sheria, na wimbo ukapita. Hatusemi haya ili kuwacheka Waswidi wa zamani, maana kila taifa lina komeo lake. Twasema ili ionekane kwamba wimbo una njia nyingine kuliko sheria. Mtu akiimba maneno ya Maandiko, kwa lugha yake mwenyewe, kwa sauti impayo furaha, hasimami kwanza kumwuliza mtungaji cheti chake cha kubatizwa.

Kwa nini wimbo ule ulipokewa? Si kwa sababu Vogler alikuwa mnyenyekevu. Watu wa wakati wake hawakumsifu kwa unyenyekevu. Mozart, mtunga muziki mkuu, alimkuta Mannheim, akamwandikia baba yake barua za kumdharau. Vogler alipenda kustaajabiwa. Alipopiga kinanda mbele ya umati aliiga ngurumo na tufani, hata watu wakafurahia kama wanaotazama mchezo. Alijenga kinanda kikubwa kilichoweza kuchukuliwa safarini, akazunguka nacho. Alitunga michezo ya kuimbwa kwa wafalme. Lakini leo ni watu wachache wanaoujua mchezo hata mmoja katika hiyo, na ngurumo zake zilikwisha siku ile ile aliyozipiga. Kilichobaki ni wimbo mfupi ambao watoto waweza kuuimba.

Twadhani hapa pana fundisho la kwanza. Mgeni alipoleta ukuu wake, wenyeji walimstaajabia, kisha wakasahau. Mgeni alipotwaa andiko lililokuwa likisomwa tayari katika makanisa ya wenyeji, siku ile ile ya kusomwa kwake, akaliwekea sauti ambayo usharika waweza kuishika, hapo walimweka moyoni. Hakuja na sikukuu mpya. Majilio yalikuwapo, andiko lilikuwapo, watoto walikuwapo. Yeye aliwatumikia kwa kazi aliyoijua. Mithali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wimbo huu ni jembe la Vogler. Alilima katika shamba la watu, na shamba likazaa.

Mtu aweza kusema, huyo ni mmoja tu, na mmoja hafanyi kanuni. Basi tuendelee mbele katika mwaka wa Waswidi. Siku ya 13 Desemba wanayo sikukuu ya Lucia. Alfajiri, gizani, msichana aliyevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, mwenye taji ya mishumaa kichwani, huja akiimba, na nyuma yake wenzake wenye mishumaa mikononi. Huenda majumbani, mashuleni, hospitalini kwa wagonjwa, na kanisani pia. Ukimwuliza mgeni aliyetembelea Uswidi wakati wa baridi ni kitu gani cha Kiswidi kuliko vyote, huenda akakutajia hiki. Walakini Lucia mwenyewe ni shahidi wa Kristo wa Sirakusa, katika kisiwa cha Sisilia, aliyeuawa zamani za mateso ya wafalme wa Rumi. Na sauti ya wimbo wanaomwimbia yatoka Napoli katika Italia. Ilikuwa wimbo wa mashua, wa kuisifu bahari tulivu wakati wa jioni, na Teodoro Cottrau aliuchapisha mwaka 1849. Maneno ya Kiswidi yanayoimbwa sana, yaliyoandikwa na Arvid Rosén, ni ya mwaka 1928. Jina Santa Lucia katika wimbo wa Napoli lilikuwa jina la mtaa wa pwani. Waswidi waliligeuza tena kuwa jina la mtu, wakamvika mishumaa.

Hata meza yao ni hivyo. Siku ya Lucia huliwa mikate midogo ya zafarani, na mikate yao mingi ya sikukuu hutiwa iliki. Watu wa pwani yetu wavijua viungo hivyo; theluji ya Uswidi haivioteshi. Hunywa kahawa, nayo twailima sisi Bukoba na Kilimanjaro, si wao. Mti wa Noeli uliwafikia kutoka Ujerumani. Na kati ya mwaka, wakati wa siku ndefu za Juni, karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, husimamisha mti mrefu uliovikwa majani na maua, wakacheza kuuzunguka usiku usio na giza. Na huo nao wenye elimu hudhani ulitoka Ujerumani zamani. Ukiiondoa katika mwaka wa Waswidi kila kitu kilicholetwa na mgeni, utawaachia giza na theluji.

Je, tuseme basi kwamba Waswidi hawana sikukuu zao? Hasha! Kusema hivyo ni kukosa akili. Sikukuu hizo ni zao kweli kweli. Ila sharti tuulize upya kitu hufanyika kuwa cha watu kwa njia gani.

Wengine husema, ni kwa asili: kilichozaliwa kwetu ni chetu. Lakini tumeona asili haitoshi kueleza. Wengine husema, ni kwa urefu wa wakati: kikikaa miaka mingi huwa chetu. Lakini wakati peke yake haufanyi kitu. Kitabu kikikaa miaka 100 katika sanduku pasipo kusomwa, si mali ya nyumba ile, ni mzigo wake tu. Sisi twadhani kitu huwa cha watu kwa kutunzwa. Fikiri kazi iliyomo katika ile asubuhi moja ya Majilio. Mpiga kinanda amekuja mapema katika kanisa lenye baridi, naye amefundisha watoto majuma mengi. Mama amewavika na kuwaleta gizani. Mzee aliyeuimba wimbo ule alipokuwa mtoto amekuja kuusikia kwa wajukuu zake. Kila mwaka wamelipa gharama hiyo tena. Mashamba nayo huwa hivyo: aliyerithi shamba akaliacha liote magugu, na mgeni aliyelilima miaka yote, kila mtu ajua ni nani anayelijua udongo wake.

Na Maandiko hayatufundishi vingine. Ule wimbo humwimbia Mwana wa Daudi. Daudi alikuwa mzao wa nani? Baba ya babu yake alikuwa mume wa Ruthu, na Ruthu alikuwa Mmoabu, mwanamke wa kabila lililochukiwa, aliyeokota masuke katika shamba la watu. Mathayo amemtaja wazi katika ukoo wa Bwana, wala hakuona haya. Tena Sulemani alipoijenga nyumba ya Mungu, kazi ya shaba ilifanywa na Hiramu, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tiro. Luther naye, alipowatungia watoto wimbo wa Noeli katika miaka ya 1530, aliuweka kwanza juu ya sauti ya wimbo wa mitaani, ambao ndani yake mtu husema kwamba anatoka nchi za kigeni. Aliona kwamba sauti ile yafaa kwa malaika, maana malaika naye alitoka mbali.

Tena mgeni si yule wa nchi nyingine tu. Yuko mgeni aliyezaliwa nyumbani. Alice Tegnér, aliyeishi tangu 1864 hata 1943, alikuwa Mswidi, mwalimu na mpiga kinanda katika kanisa la Djursholm karibu na Stockholm, na nyimbo zake za watoto huimbwa katika nchi nzima. Yeye ndiye aliyeutungia sauti wimbo wa nyota ya Bethlehemu, unaopendwa sana wakati wa Noeli. Lakini maneno yake ni ya Viktor Rydberg, yule aliyeandika kitabu mwaka 1862 akiyapinga mafundisho ya Kanisa juu ya Uungu wa Kristo, hata wachungaji wengi wakakasirika. Nyota aliyoiandika mwenye mashaka yawaangazia waumini kanisani. Hatusemi mafundisho ya kweli si kitu. Sisi tuliyaapia siku ya kuwekewa mikono. Twasema tu kwamba Mungu hakutuuliza sisi ni kwa mkono wa nani atawapa watu wake wimbo.

Walakini mzee mwenye busara hatanyamaza hapa. Atasema: "Mchungaji, maneno haya ni matamu, lakini umeisahau ile mithali ya kwanza. Waswidi walipopokea wimbo wa mgeni, hakuna aliyewaambia wavunje vyombo vyao. Kwetu tuliambiwa ngoma ni ya Shetani, na nyimbo za mababa ni uchafu, ndipo tukapewa nyimbo nyingine mahali pake. Huko ni kupewa zawadi, au ni kunyang'anywa?"

Neno hili ni zito, wala halijibiwi kwa haraka. Iko tofauti kubwa kati ya mgeni aletaye wimbo na mgeni adaiye kwamba mwenyeji anyamaze kwanza. Wa kwanza huongeza, wa pili hupunguza hata akiacha kitu kizuri nyuma yake. Na mahali kosa lile lilipotendeka, yatupasa kuliita kosa. Hatuliondoi kwa kusema kwamba walioleta walikuwa na nia njema.

Lakini tusidhani kwamba jaribu hili ni la Wazungu juu ya Waafrika peke yake. Waswidi walijitenda wenyewe vivyo hivyo. Chombo chao cha mababa ni fidla, ndiyo iliyochezewa harusini na siku za Juni. Katika karne ya 19, wakati wa uamsho mkubwa wa dini, wahubiri wengi waliiita chombo cha Shetani, na wako wapigaji waliozivunja fidla zao au kuzitia motoni kwa sababu ya kuongoka. Uongofu wao huenda ulikuwa wa kweli, lakini mioto ile ilikula sauti zisizojulikana tena na mtu ye yote. Mwaka 1906 mchoraji wa picha Anders Zorn aliwakusanya wapigaji wa zamani Gesunda, katika jimbo la Dalarna, washindane, ili sauti zilizosalia zisife na wazee. Na leo fidla hupigwa hata kanisani wakati wa sikukuu ya Juni, wala hatujasikia kwamba kuta zimeanguka.

Basi mithali zile mbili hazipigani. Ile ya mgeni njoo humfundisha mwenyeji kufungua mlango. Ile ya mwacha mila humkataza kuihama nyumba yake mgeni anapoingia. Mwenyeji akiihama nyumba, mgeni ataponya nani? Hosana ya Vogler ilistawi katika Uswidi kwa sababu ilikuta watu wenye lugha yao, wenye desturi ya kuimba, wenye andiko lao la siku ile. Mbegu haioti hewani. Anayetaka kupokea vema, sharti awe na udongo.

Liko neno jingine la kuangaliwa. Tangu mwaka 2000 Kanisa la Uswidi si Kanisa la serikali tena, na hesabu ya washirika wake imepungua. Wengi huonekana siku ya Majilio au siku ya Lucia, kisha hawaonekani mpaka mwaka mwingine. Je, wimbo mdomoni mwa mtu wa namna hiyo una faida gani? Wainjilisti wetu huuliza hivyo hivyo juu ya wale wajao Noeli tu. Twajibu hivi: chungu kitupu si maji, wala mtu asijidanganye kwamba amekunywa kwa kuwa anacho chungu. Lakini aliyevunja chungu chake hatachota kitu hata mvua ikinyesha. Desturi si imani, ni chungu. Mwonye mtu asiridhike na chungu kikavu, lakini usimvunjie.

Sasa twafika penye jambo ambalo kwa kweli limetufanya kuandika. Katika Uswidi ya leo, kama mtu mmoja katika kila watu 5 alizaliwa nchi nyingine. Na mahali penye wageni wengi huzuka watu wasemao: "Hizi ni sikukuu zetu, hao si wenzetu." Husema hivyo mbele ya msichana wa Lucia anayeimba sauti ya Napoli, husema hivyo wakila zafarani na kunywa kahawa, husema hivyo katika Majilio yaliyofunguliwa kwa wimbo wa padre wa kigeni. Wamegeuza daraja kuwa ukuta, na mawe ya ukuta huo yaliletwa na wageni.

Tusiwanyoshee kidole upesi. Katika sharika zetu nako huja watu wa kabila jingine, mwalimu aliyehamishwa, mkulima aliyetafuta ardhi, mkimbizi aliyeacha kila kitu. Huketi nyuma. Wimbo wa kwao haupewi nafasi, kwa kuwa "si desturi yetu hapa." Na nani ajuaye kwamba katika kifua cha yule mama aliyeketi nyuma hamna wimbo ambao wajukuu zetu wangeuimba miaka 200, na kusema kwamba pasipo huo Majilio hayajaanza?

Kwa hiyo twawashauri walimu na wazee wa usharika wapime kila wimbo na kila desturi, iwe ya zamani au mpya, kwa maswali manne. Kwanza: je, yaeleweka kwa hao wanaoimba, kwa lugha ya moyo wao? Pili: je, yatumikia neno la siku ile, au yamtumikia mwimbaji astaajabiwe? Hapo wakumbuke ngurumo za Vogler, na wakumbuke Hosana yake. Tatu: je, imekuja kuongeza, au imekuja kwa sharti la kumnyamazisha mtu? Nne: je, tuko tayari kuitunza, kuwafundisha watoto, kulipa gharama yake kila mwaka? Jambo lishindalo katika maswali hayo, hata likitoka mwisho wa dunia, laweza kuwa letu. Na jambo lishindwalo, hata likiwa limezaliwa chini ya mgomba wetu, si letu ila kwa jina.

Tena deni moja tusilisahau. Waswidi wanaouimba wimbo wa 105 wengi hawajui ni nani aliyewapa. Kusahau huko kwaweza kuwa heshima kwa wimbo, maana umekuwa kama maji ya kisima ambayo hakuna aulizaye ni nani aliyekichimba. Lakini aliyekunywa akiambiwa jina la mchimbaji, hapungukiwi kitu, huongezewa shukrani. Basi mwalimu afundishapo wimbo, awaambie watoto umetoka wapi na ni nani aliyeutunga, iwe ni Mjerumani, Mhaya, Mchaga, au mama wa kijiji cha pili. Mtoto aliyefundishwa hivyo tangu utoto hatamwona mgeni mlangoni kama mwivi wa sikukuu yake. Atamwuliza amekuja na wimbo gani.